Kioo cha mbele cha Lotus: usikate cha zamani kabla kipya hakijafika

MUULIZE FUNDI WA VIOO

Swali:
Fundi, asalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Mbweni, umri wangu miaka 34. Nina gari ambayo hapa Unguja sijaiona mwenzake: Lotus Elise ya 2005, rangi ya chungwa, niliyoinunua mnadani Japani. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Fumba nyuma ya lori la kokoto, likanirushia kijiwe. Kikaacha kidoto kwenye kioo cha mbele, kama punje ya mtama. Nikasema nitakishughulikia. Wiki ya pili gari ikashinda juani tangu asubuhi, na jioni kijana akaimwagia maji ya kisimani kuiosha. Tukasikia “tak!” na ufa ukakimbia kutoka upande wa dereva mpaka katikati. Nimeupima, ni sentimita 43. Fundi mmoja wa mtaani ananiambia atakitoa leo leo, atatafuta kioo cha gari nyingine akichonge, akibandike kwa silikoni, na asubuhi natembea. Mke wangu hataki tena kuipanda. Nifanye nini? Na kioo chenyewe kikipatikana, naweza kukiweka mwenyewe hapa nyumbani?
H.S., Mbweni

Jibu:
Waalaykum salaam, mwanangu.

Mkeo ana haki. Usimbembeleze kupanda, na wewe mwenyewe usiiendeshe. Ikibidi kuisogeza, iwe ni kutoka kwenye jua kuitia kivulini. Ufa wa sentimita 43 uliopita mbele ya macho ya dereva hautengenezeki. Nimeona watu wakiuziwa dawa ya kuziba ufa mrefu namna hiyo, wakalipa, na baada ya wiki ufa umeongeza shubiri. Kile kidoto cha kwanza ndicho kilichokuwa kinazibika, na ungekuja nacho mapema isingefika hata saa moja. Sikulaumu. Nalisema kwa ajili ya wenzako wanaosoma, na nitalirudia chini kwa sababu dada mmoja wa Wete ameuliza hilo hilo.

Maji ya kisima hayakuwa na kosa peke yake. Kioo kilipigwa na jua kutwa, kikatanuka. Maji ya baridi yalipomwagwa, uso wa nje ukajikaza ghafla na wa ndani bado una moto, na pale penye kidoto pakawa ndipo pa kuanzia kupasuka. Kila mtu aliyewahi kutia maji ya barafu kwenye gilasi iliyotoka chai anajua mlio ule.

Na ujue ulichonacho. Kioo cha mbele si kipande kimoja kinene. Ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja kama milimita mbili, na katikati mna utando wa plastiki usiofika unene wa milimita moja. Utando huo ndio uliozuia vipande visikumwagikie mapajani. Mfaransa mmoja mkemia, Édouard Bénédictus, mwaka 1903 aliangusha chupa ya maabara, ikapasuka lakini haikusambaa, kwa kuwa ndani yake palikaukia dawa iliyoacha utando. Mwaka 1909 akaandikisha uvumbuzi wake. Vioo vya milango yako ni vya aina nyingine kabisa: kipande kimoja kilichopashwa moto kikapozwa kwa upepo mkali, na kikivunjika kinakuwa chembe chembe kama chumvi ya mawe. Ndiyo maana kioo cha mbele kikipasuka bado unaona mbele, na cha mlango kikipasuka unabaki na dirisha tupu.

Sasa silikoni. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niipe barua yako nafasi kubwa wiki hii.

Nilianza kazi Kikwajuni mwaka 1984, kijana wa kushika taa na kuosha vikombe vya mafundi. Wakati ule kioo cha mbele hakikugandishwa, kilivaa mpira. Peugeot 404, Datsun, malori ya Bedford, gari za shamba zenye bodi la mbao, zote zilikuwa hivyo. Unauvisha mpira kwenye kioo, unalaza kamba ndani ya mfereji wa mpira kuzunguka kote, unapaka maji ya sabuni, mmoja anasimama nje anasukuma kwa viganja, mwingine yumo ndani anaivuta kamba taratibu, na mdomo wa mpira unaruka juu ya bati shubiri kwa shubiri mpaka kioo kinakaa. Kazi nzuri ile, bado mikono yangu inaikumbuka. Lakini kioo kile kilikuwa kama dirisha la nyumba, kazi yake kuzuia upepo na mvua. Kikivuja, ulitia silikoni kidogo, mambo yakaisha.

Zikaja gari za Kijapani zenye vioo vya kugandishwa kwa gundi, nasi tukaziendea na akili zetu za mpira. Mwaka 1996 mimi mwenyewe nilibandika kioo cha Corolla kwa silikoni ya dukani, ile ya mabomba na vyoo inayonuka siki. Nilikuwa nimewaona wakubwa zangu wakifanya hivyo. Mwenye gari alitaka bei nafuu. Kioo kikakaa, kikapendeza, na katika masika yote hakikuvuja hata tone.

Miezi mitano baadaye gari ile ikagonga mnazi kwenye njia ya Mahonda. Nilikwenda kuiona. Boneti limekunjika, na kioo changu hakipo. Nikatafuta vipande ndani ya gari, hakuna. Nikakikuta kama hatua kumi mbele, kimelala kwenye majani, kizima. Hakina hata ufa. Silikoni imebaki pembeni yake kama utepe, nikaishika kwa vidole viwili nikaivuta, ikatoka yote mkanda mmoja, safi, bila kuacha alama. Abiria wa mbele alitokea pale pale kilipotokea kioo. Aliishi, alhamdulillahi, ila mkono wake wa kulia haunyooki mpaka leo. Tunasali msikiti mmoja. Kila tukipeana mikono nausikia ule mkono unavyoishia njiani.

Tangu siku hiyo sijashika silikoni kwa kioo cha mbele, na kijana yeyote anayefanya kazi kwangu namsimulia habari hii siku ya kwanza, kabla sijamwonesha kisu.

Tulipokwangua fremu ya Corolla ile tulikuta jambo la pili. Pale kisu changu kilipokwaruza rangi, bati lilikuwa limeshaanza kuliwa na kutu. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo ikikuta chuma tupu, pamoja na chumvi yetu ya bahari, kazi inakwenda haraka.

Kioo cha kugandishwa ni kiungo cha mwili wa gari. Gari ikipinduka, kioo kinasaidia paa lisibonyee. Katika gari nyingi zenye eabegi ya abiria, ule mfuko ukifumuka unakwenda juu, unakiegemea kioo, ndipo unamgeukia mtu. Kioo kikiwa kimeshikwa na silikoni, mfuko unakisukuma nje na abiria anakuta pengo. Gundi inayostahili inaitwa urethani. Ikishakauka, ukitaka kukitoa kioo huna budi kuikata. Haivutiki kwa vidole.

Elise yako inalihitaji hili zaidi kuliko Corolla, kwa sababu haina paa la chuma. Juu yako pana turubai la kuviringisha, na mbele pana fremu tu ya faibaglasi ikikishika kioo, na kioo nacho kinaikaza fremu. Kisha kuna jambo ambalo nilipolijua lilinifurahisha sana. Chasisi ya gari yako ni mihimili ya aluminiamu ambayo haikuchomelewa. Imegandishwa kwa gundi ya epoksi na kuokwa ndani ya tanuri. Ndivyo Lotus wa Hethel, katika jimbo la Norfolk, Uingereza, walivyoibuni, na Elise zimekuwa hivyo tangu 1996, na chasisi tupu ya zile za mwanzo ilikuwa na uzito wa kilo 68 tu, watu wawili wanaibeba. Kwa hiyo yule anayekwambia gundi ni gundi tu, gari yako yenyewe inamkatalia. Wenyewe waliichagua gundi, wakaipima, wakaipa muda wake wa kukauka. Nasi tukiishika gari yao tufanye kwa adabu hiyo hiyo.

Habari ya kuchonga kioo cha gari nyingine usiipokee hata kwa kusikiliza. Kioo kilichonyooka kama cha lori la zamani unaweza kukikata, nimekata vingi. Kioo cha Elise kimepinda huku na huku, kimezunguka kama ganda la kombe. Mpindo ule unatiwa kiwandani, kioo kikiwa laini kwa moto. Ukilazimisha kingine kikae pale, kitakaa na dhiki ndani yake, na siku moja kitapasuka chenyewe gari imesimama. Wako pia watakaokushauri uweke plastiki ngumu ya uwazi, wakisema gari za mashindano zinafanya hivyo. Waipa yako, nayo ni moja kubwa, pamoja na mchanga wa Fumba, itaichora plastiki hiyo mpaka usione taa za mbele yako usiku.

Kwa hiyo kioo utakiagiza, na hapa nataka uende polepole.

Injini haitakusumbua siku ikiharibika. Ikiwa yako ni ile yenye 2ZZ, ni ya Toyota, lita 1.8, ile ile iliyomo kwenye Celica na baadhi ya RunX, na Kariakoo hawatakushangaa ukiwatajia. Kioo ni habari nyingine. Lotus walimaliza kuzitengeneza Elise mwaka 2021, na hutakikuta Darajani wala Ilala. Utakipata kwa wauza vipuri vya Lotus, Uingereza au Japani. Usiwatumie picha ukasema “kama hiki”. Watumie namba ya chasisi, yote herufi na tarakimu 17. Ya kwako itaanza na SCC. Uliza kama kioo kinakuja na ukanda wake wa pembeni na mshikio wa kioo kidogo cha kutazamia nyuma, maana vitu hivi viwili ndivyo watu wanavyovisahau, halafu kioo kinafika na kazi inalala wiki tatu ikisubiri kipande cha mpira.

Kikifika tazama muhuri kwenye kona. Utaona herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyokipitisha: 11 ni Uingereza, 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Karibu yake iwepo 43R, ambayo ndiyo kanuni ya vioo vya gari, na namba ya Kirumi II, alama ya kioo cha mbele cha tabaka mbili. Kioo kisicho na muhuri wowote, hata kama kinameremeta, kirudishe.

Safari yenyewe ndiyo inayoviua vioo vingi. Kioo cha tabaka mbili kinasafiri kikiwa kimesimama kwa ukingo, kama kitabu kwenye kabati. Kikilazwa, kila mshindo wa meli na kila tuta la barabarani linakikunja katikati. Mwambie muuzaji akifunge ndani ya kreti la mbao, na mshale wa “juu” uandikwe pande zote nne. Kikipitia Dar, awepo mtu wako wakati kinapakiwa chomboni, na mwengine Malindi, bandarini hapa Unguja, kinaposhushwa. Kreti lifunguliwe bandarini, mbele ya waliolileta, kabla hujatia saini popote. Niliwahi kupokea kioo cha gari ya hoteli moja ya Nungwi, kreti zuri halina hata mkwaruzo, tukalipakia, tukalifikisha gereji, tukalifungua. Kona ya chini imepasuka. Kwa kuwa tulishatia saini, hapakuwa na wa kumwambia.

Ikiwa umekata bima kubwa, wapigie kabla ya kuagiza. Wengi wanalipia kioo, ila wanataka wakione kilivyopasuka kikiwa bado kwenye gari. Piga picha za ufa leo, na pale kijiwe kilipogonga upapige kwa karibu.

Na mpaka kreti limefunguliwa na kioo kimeonekana ni kizima, asikiguse mtu kile cha zamani. Kimepasuka lakini kimeshika, kinakizuia kivumbi na mvua, na kinaishikilia fremu. Gari isiyo na kioo cha mbele ikilala wiki sita nje hapa kwetu, viti vinaota ukungu na nyaya zote za dashibodi zinapata kijani.

Kuhusu kukiweka mwenyewe: hapana, mwanangu. Lakini ushuhudie. Kaa kitako kwenye kiti uangalie, na hii ndiyo kazi unayopaswa kuiona.

Kwanza fundi apige picha waipa ilipolala na apime kwa futi umbali wake kutoka ukingo wa chini, kwa sababu alama itakayochorwa kwenye kioo cha zamani itaondoka na kioo. Abandike utepe wa karatasi wa wapaka rangi kuzunguka fremu yote, mara tatu, na kwenye dashibodi alaze kipande cha plastiki ngumu. Akikujia na kisu kirefu cha kuvuta kama kile tunachotumia kwenye Noah, mzuie. Chini ya gundi kwenye Noah pana bati, kisu kikiteleza kinaacha mkwaruzo unaorekebishika. Kwenye Elise pana faibaglasi, kisu kikiteleza kinachimba ndani. Hapa tunatumia waya.

Waya huo ni mwembamba kama uzi wa nyavu. Unaupenyeza kwenye gundi kwa msumari mwembamba, unaufunga vishikio viwili, mmoja akae ndani ya gari na mwingine nje, na mnavuta kwa zamu, kama watu wanaopasua gogo kwa msumeno, ila polepole na kwa kuegemea upande wa kioo daima. Utausikia waya ukiimba. Ukianza kutoa harufu ya moto, simama, mnakwenda mbio. Kwenye kona ndipo pa kukaza roho, waya unataka kukata njia ya mkato na kuingia kwenye fremu. Kioo kizima cha gari ndogo kama hii kinatuchukua saa moja na nusu, wakati mwingine mbili, na nikiona fundi amekitoa kwa dakika ishirini naitazama fremu kabla ya kumsifu.

Kikishatoka, gundi ya zamani haikwanguliwi yote. Inapunguzwa mpaka ibaki ngozi ya milimita moja au mbili, iliyo sawa kote. Gundi mpya inashika gundi ya zamani iliyokatwa karibuni kuliko inavyoshika kitu kingine chochote, na faibaglasi inabaki imefunikwa. Palipochimbika panapakwa praima, ile dawa ya kupaka kabla ya gundi ili gundi ishike. Baada ya hapo asiguse mtu kwa kidole. Jasho la kidole kimoja linatosha kuiacha sentimita mbili za gundi zikiwa hazikushika, nawe hutajua mpaka mvua ya vuli.

Kioo kipya kinajaribiwa kwanza kikavu, bila gundi, na alama za utepe zinawekwa juu na pembeni ili kikirudi kikae pale pale. Kisha kinafutwa kwa dawa yake, si kwa petroli wala thina ya duka la rangi, na kinapakwa praima kwenye ule ukanda mweusi wa ukingoni. Ukanda huo si pambo. Unakinga gundi isipigwe na jua, maana jua ndilo adui wake mkubwa.

Mwambie fundi akuoneshe bomba la gundi kabla hajalitoboa. Tarehe ya mwisho imeandikwa pale. Gundi hii ikizeeka inagandia ndani ya bomba lake, na ikitoka kwa mabonge haifai hata kama duka limeipunguza bei. Mdomo wa bomba ukatwe pembe tatu, ili gundi itoke imesimama kama paa la nyumba, kiasi cha sentimita moja kwenda juu. Aanzie chini katikati, asianzie kwenye kona, azunguke mara moja bila kusimama, na aunganishe pale pale alipoanzia. Hewa yetu ni ya joto na unyevu, gundi inaanza kuota ngozi kwa dakika chache, kwa hiyo wasaidizi wawe wameshashika kioo kwa vikombe vya kunyonya kabla bomba halijaanza. Kioo kinashushwa mara moja. Kikishagusa, hakiinuliwi tena. Kinabonyezwa kwa viganja, kidogo kidogo, mpaka kilingane na zile alama.

Watu wengi hunitaka kazi hii niifanye uwanjani kwenye jua ili gundi “ikauke upesi”. Urethani hii haikaushwi na jua, inakaushwa na unyevu wa hewani, na kwa hilo Mwenyezi Mungu ametujaalia zaidi ya watu wa bara. Inakwenda kama milimita tatu au nne kwa siku, kutoka nje kuelekea ndani. Fanyieni kivulini, asubuhi, siku isiyo na mvua.

Kwenye bomba utasoma kwamba gari inaweza kutembea baada ya saa moja, au mbili, au zaidi, kutegemea na aina. Maneno hayo ni ya kweli kwa hali waliyoipimia wao. Elise yako ni ngumu miguuni, kila tuta la Mbweni linafika kwenye fremu bila kupunguzwa, kwa hiyo mimi ningeilaza mpaka kesho yake alasiri. Vidirisha vya pembeni viwe wazi upana wa vidole viwili usiku huo. Mlango ukifungwa kwa nguvu na vioo vyote vimepandishwa, hewa ya ndani haina pa kutokea, inakisukuma kioo ambacho bado hakijashika. Nimewahi kuona kazi safi imeharibiwa na mtoto aliyefunga mlango mara moja. Utepe wa juu uache siku nzima hata kama sura ya gari haikupendezi. Maji ya mpira mdogo yasiyo na kasi umwagie siku ya pili kutazama kama panavuja. Mashine ya kuoshea isikaribie kwa wiki.

Bei sikutajii, itategemea muuzaji, usafiri na ushuru wa siku hiyo. Ila gundi na praima ndivyo sehemu ndogo kabisa ya hesabu nzima, na ndipo watu wanapopunguzia. Mtu analeta kioo kutoka Uingereza halafu anabana kwenye bomba la gundi. Usifanye hivyo. Nunua mabomba mawili ingawa moja linaweza kutosha, kwa sababu likikuishia kwenye kona ya tatu hutakuwa na nafasi ya kukimbilia dukani.

Swali:
Fundi, kioo cha Noah yangu kimepigwa na kijiwe, kuna kitundu kidogo kama nyota upande wa abiria. Jirani ananiambia nipake dawa ya meno. Pia pembeni chini pameanza kuwa peupe kama maziwa. Ni ugonjwa mmoja?
Mama S., Wete

Jibu:
Dada yangu, ni mawili mbalimbali.

Dawa ya meno inang'arisha uso wa kioo uliofifia kidogo, basi. Haiingii ndani ya kitundu ikashika, na mabaki yake yanaziba njia ya dawa ya kweli. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, kifute kitundu kwa kitambaa kikavu na ukibandike selotepu ya uwazi juu yake, ili maji na vumbi visiingie. Kama ni kidogo kuliko sarafu, hakijafika ukingoni, na kimetoboa kioo cha nje tu, kinazibika kwa resini inayosukumwa ndani kwa sindano yake na kukaushwa kwa taa ya zambarau. Fundi anayefanya kazi hiyo juani humpi gari, kwa sababu jua linaikausha resini kabla haijafika kwenye ncha za nyota. Mpaka ukifika kwake, usiiwashie baridi kali gari iliyotoka juani, na asiimwagie mtu maji.

Ule weupe wa pembeni ni unyevu uliopenya baina ya vioo viwili, utando wa ndani umeanza kuachana na kioo. Hautibiki, na wala haukutaki ukibadilishe kesho. Chukua kalamu ya wino mzito, uchore kwa ndani mwisho wa ule weupe na uandike tarehe. Baada ya miezi mitatu utazame umesogea kiasi gani. Ukiwa unakwenda upesi, au ukikaribia pale waipa inapofuta mbele ya dereva, niandikie tena pamoja na namba ya chasisi ya gari yako, nitakwambia uagize kipi.